Kujifunza Kiswidi kwa kubadilishana mazungumzo: mwongozo kwa walio Mtwara na Lindi

Mswidi akikwambia "ska vi fika?", hakuulizi kama umefika. Anakualika mkae, mnywe kahawa na kitu kitamu pembeni, mzungumze. Sauti ya neno hilo unayo tangu utotoni, kinachobadilika ni maana tu. Na halipo peke yake. Kwa Kiswidi kaka ni keki au biskuti, leta ni kutafuta, hata ni kuchukia, bara ni "tu", vita ni nyeupe zikiwa nyingi, kula ni gololi, na tuta ni kupiga honi. Yaandike maneno haya ukurasa wa kwanza wa daftari na uyapeleke kwenye kikao cha kwanza. Yatawachekesha nyote wawili, na ukimya wa watu wasiojuana utavunjika kabla haujawazidi nguvu.

Kubadilishana lugha maana yake ni hii: wewe unampa mwenzio Kiswahili, yeye anakupa Kiswidi, na hakuna anayemlipa mwenzake. Njia hii inafaa sana kwa mtu aliye Mtwara, Lindi, Masasi au Kilwa, mahali ambapo darasa la Kiswidi si kitu cha kukikuta mtaani. Ila soga tupu haimfundishi mtu lugha. Wapo wanaopiga soga miezi sita na bado hawawezi kueleza walichofanya jana. Mazungumzo hufundisha pale yanapokuwa na mpaka wa saa, mada iliyoandaliwa na kazi ndogo ya kufanya baadaye siku ileile. Na kwa kuwa malipo yako ni Kiswahili, nacho kiandae.

Kumpata mwenzio

Programu za simu kama Tandem na HelloTalk zimetengenezwa kwa kazi hii hasa. Unaandika lugha unayoijua na unayoitaka, kisha unatafutiwa watu. Waswidi wanaotaka Kiswahili si wengi kama wanaotaka Kihispania, lakini wanaokitaka wana sababu ya kweli: wameoa au kuolewa Tanzania, wamewahi kujitolea huku, wamezaliwa Uswidi na mzazi wa Afrika Mashariki, au wanasomea lugha. Vyuo vikuu vya Uppsala na Göteborg vimewahi kufundisha Kiswahili. Abdulaziz Lodhi, mwanaisimu mzaliwa wa Zanzibar, alikifundisha Uppsala kwa miaka mingi na ni mmoja wa waliotunga kamusi ya Kiswahili na Kiswidi. Mtu mwenye sababu hatakukimbia wiki ya tatu, kwa hiyo mtafute huyo.

Msisahau Ufini. Kiswidi ni lugha rasmi huko pamoja na Kifini, na takriban mtu mmoja kati ya ishirini ndiyo lugha yake ya kwanza. Mikoa yetu miwili ina historia na Wafini tangu miradi ya maji ya miaka ya 1970, hivyo jina la Mtwara si geni kabisa kwao. Tena Kiswidi cha Ufini husemwa wazi zaidi na hakina mpando na mshuko wa sauti unaowasumbua wageni. Kwa anayeanza, mwenza wa huko ni bahati.

Tangazo lako liwe fupi na liwe kwa Kiswidi, hata kama ndiyo sentensi za kwanza unazoandika:

"Hej! Jag bor i Mtwara i södra Tanzania. Jag talar swahili och vill lära mig svenska. Jag söker en språkpartner: 30 minuter svenska och 30 minuter swahili, en gång i veckan."

Sentensi hizo zinasema unakaa wapi, una nini, unataka nini na kwa muda gani. Usiongeze habari za viza, ufadhili wala shida za nyumbani. Siku utakayomwomba mwenzio hela, hata kidogo, ushirika wa lugha umekwisha. Naye akianza kukuomba hela au picha za faragha, mzuie kwenye programu papo hapo. Hili halina mjadala.

Saa: hapa ndipo wengi hupotezana

Tanzania haibadilishi saa, Uswidi hubadilisha. Kuanzia Jumapili ya mwisho ya Machi hadi Jumapili ya mwisho ya Oktoba sisi tuko mbele kwa saa moja. Miezi mingine yote tuko mbele kwa saa mbili. Kikao kilichokwenda vizuri Oktoba nzima kitapotea wiki ya kwanza ya Novemba kama hamkuliangalia hilo.

Juu yake kuna mtego wa pili. Mswidi akisema "klockan halv sju" hasemi saa saba na nusu wala saa sita na nusu za Kiswahili. Halv sju ni nusu ya kuelekea saba kwa hesabu ya Kizungu, yaani saa kumi na mbili na nusu jioni au, kwa saa ya tarakimu, 18:30. Wakati wa baridi 18:30 ya Stockholm ni 20:30 ya Lindi, saa mbili na nusu usiku. Wakati wa kiangazi chao ni 19:30, saa moja na nusu usiku. Ukichanganya halv, saa ya Kiswahili na tofauti ya majira, unaweza kukosea kwa saa nyingi. Dawa ni moja: miadi yote iandikwe kwa tarakimu za saa 24, na pembeni muandike saa ya kila upande. Kisha saa zenyewe zifanyeni somo: wewe unamfundisha kwamba siku yetu huanza kuhesabiwa jua linapochomoza, yeye anakuzoeza halv, kvart i (kasorobo) na kvart över (na robo).

Waswidi pia hupanga mambo kwa namba ya wiki. "Vi ses vecka 41", tuonane wiki ya 41, ni wiki mojawapo ya Oktoba. Kalenda ya simu yako inaweza kuonyesha namba hizo, iwashe. Na uwahi. Kwao kuchelewa dakika tano bila ujumbe ni jambo la kuombea radhi. Umeme ukikatika au bando likiisha, tuma ujumbe mfupi mapema kuliko kutoa maelezo marefu kesho yake.

Wiki mbili kabla ya kikao cha kwanza

Usiende mikono mitupu. Mtu asiyejua kitu kabisa humfanya mwenzake kuwa mwalimu wa darasa la kwanza, na wengi huchoka. Jifunze namba, siku, salamu na vitenzi kama ishirini hivi. Taasisi ya Svenska institutet ina kozi ya bure mtandaoni, inatosha kuanzia. Zaidi ya hapo, kazia matamshi.

Kiswidi kina herufi tisa za irabu: a, e, i, o, u, y, å, ä, ö. Sisi tunazo tano, hivyo nne ni ngeni kwetu, na mbili za zile tunazozijua, o na u, zinadanganya. O ya Kiswidi mara nyingi husikika kama u yetu: bok, kitabu, ni "buuk", sol, jua, ni "suul". O yetu wao huiandika å: båt, mashua, ni "boot". Ä ni e yenye kinywa kilichopanuka. Kupata ö, sema "e" ndefu na, bila kusogeza ulimi, viringa midomo. Kupata y, fanya vivyo hivyo kwa "i". U ya Kiswidi ndiyo ngumu: ulimi ukae karibu na pa "i", midomo ibanwe hadi ibaki tundu dogo, kama unapuliza kaa la moto polepole. Fanya mbele ya kioo, dakika tano kila siku. Usijaribu kujifunza irabu kwa simu yenye mtandao mbovu; mwombe mwenzio akutumie ujumbe wa sauti wa maneno kumi, usikilize kwa spika za masikioni.

Urefu wa irabu hubadili maana. Tak ni paa, tack ni asante. Glas ni glasi au kioo, glass ni aiskrimu. Kanuni ni kwamba konsonanti moja baada ya irabu huifanya ndefu, na konsonanti mbili (au ck) huikata. Mazoea yetu ya kuvuta silabi ya pili kutoka mwisho hutupotosha hapa. Mazoea hayohayo hutufanya tuseme "arBEte" badala ya "ARbete", kazi. Maneno mengi ya asili ya Kiswidi huwekewa mkazo silabi ya kwanza.

Halafu kuna irabu tunayoiongeza mwishoni bila kujijua: hus inakuwa "husi", bok inakuwa "buku". Njia ya kuiondoa ni kuliunganisha neno na linaloanza kwa irabu. Sema "ett hus i Lindi" mara kumi, ile s ikirukia i. Kisha simama baada ya s na uache kinywa kimya. Na kama kwenu r na l hubadilishana nafasi, fanyeni kazi mapema juu ya jozi hizi: rätt ni sahihi, lätt ni rahisi, rik ni tajiri, lik ni maiti. Hutaki kumwambia mtu kwamba ami yake ni maiti ukikusudia kumsifu utajiri.

Sauti ya sj, kama ya sju, saba, ipo kati ya "kh" na "sh" na midomo imeviringwa. Ukisema "sh" utaeleweka, na kaskazini mwa Uswidi na Ufini husema karibu na hivyo. Usipoteze mwezi mzima juu yake.

Kuhusu kidatu, yaani kupanda na kushuka kwa sauti, wasemaji wa Kimakonde na Kiyao wana mali ambayo vitabu vya Kiswidi haviitaji. Neno anden lina maana mbili: likishuka mara moja ni yule bata, likiwa na vilele viwili ni ile roho. Tomten vilevile, kiwanja au babu wa Krismasi. Wageni wengi hawaisikii tofauti kwa miaka. Anayetoka kwenye lugha ya nyumbani yenye toni ana sikio linalojua kwamba sauti kupanda na kushuka hubadili neno. Kiswahili hakimfundishi mtu hilo. Mwombe mwenzio ayaseme yote mawili bila kukuonyesha maandishi, ubashiri. Ukipata nane kati ya kumi, endelea na mambo mengine.

Mwisho wa maandalizi, kariri sentensi za kujiokoa mpaka zitoke bila kufikiri: "Kan du säga det en gång till?", rudia tena. "Lite långsammare, tack", polepole kidogo. "Hur säger man ... på svenska?", husemwaje kwa Kiswidi. "Är det en eller ett?", ni neno la en au la ett, aina mbili za nomino za Kiswidi. Iliyo bora kuliko zote ni "Menar du att ...?", yaani una maana kwamba, kwa kuwa inakulazimisha kujenga upya ulichosikia badala ya kutikisa kichwa tu.

Kikao chenyewe

Saa nzima inatosha, mara moja au mbili kwa wiki. Igaweni hivi: dakika 25 Kiswidi, dakika 5 marekebisho, dakika 25 Kiswahili, dakika 5 marekebisho. Tegeni alamu na muitii. Wiki hii ikianza Kiswidi, wiki ijayo ianze Kiswahili, maana lugha ya pili daima hupata akili iliyochoka. Mkiacha saa ijiendeshe, lugha anayojifunza mwenye aibu zaidi ndiyo hupunjwa muda, na mara nyingi huyo ni anayeanza.

Adui mkubwa wa kikao ni Kiingereza. Waswidi wengi wanakijua vizuri, na wakikuona unahangaika watakihamia kwa upole kabisa, wakidhani wanakusaidia. Kubalianeni tangu mwanzo: Kiingereza kwa neno moja moja tu, kamwe si sentensi. Akiteleza, mwambie "Svenska, tack!" Kabla ya kukimbilia Kiingereza, jaribu kuzunguka neno. Hujui neno la ngalawa? Sema "en liten båt med segel", mashua ndogo yenye tanga. Kuzunguka huko ndiko kuzungumza kwenyewe.

Marekebisho yasikatishe maneno. Mwombe: "Skriv ner felen så tar vi dem sen", andika makosa tutayaangalia baadaye. Achague matatu tu, yale yanayojirudia. Mtu anayesahihishwa kila neno huanza kusema sentensi fupi fupi ili asikosee, na hapo hasongi mbele.

Mada iwe ya kitu ambacho wewe unakijua na yeye hakijui, maana hapo maswali yake yatakuwa ya kweli. Hapa kwetu hakuna mada inayozidi korosho. Mswidi ameiona ikiwa nyeupe ndani ya mfuko dukani; hajui kwamba inaning'inia chini ya bibo, wala kwamba mafuta ya ganda huunguza ngozi. Andaa maneno haya: ett cashewträd, mkorosho, ett cashewäpple, bibo, ett skal, ganda, en säck, gunia, plocka, kuokota, torka, kuanika, rosta, kukaanga, en auktion, mnada, ett pris, bei. Kisha eleza kwa mpangilio:

"Först plockar vi nötterna från marken. Sedan torkar vi dem i solen. I oktober börjar auktionerna."

Yaani: kwanza tunaokota korosho chini, kisha tunazianika juani, na Oktoba minada huanza. Tazama kitenzi kimekaa wapi. Katika sentensi kuu ya Kiswidi kitenzi hukaa nafasi ya pili, hata sentensi ikianza na neno la wakati au mahali. Sisi tungesema "kwanza tunaokota", kwa hiyo kosa letu la kila siku ni "Först vi plockar". Kwa mwezi wa kwanza zoezi liwe hili: mwenzio anataja mwanzo tu, Idag (leo), I går (jana), På söndag (Jumapili), I Mtwara, nawe unamalizia bila kusita. Ishirini kwa kila kikao. Hakuna kanuni nyingine ya Kiswidi inayolipa haraka kama hii.

Gunia na mti vinakufundisha en na ett. Takriban maneno matatu kati ya manne ni en, hivyo ukikwama sema en, lakini kila neno jipya liandike na kiambata chake. Upatanisho hautakutisha wewe unayesema gunia kubwa, mti mkubwa, magunia makubwa: en stor säck, ett stort träd, stora säckar. Kigeni kwetu ni kile kimkia cha mwisho: säcken, trädet. Kitumie pale ambapo kwa Kiswahili ungeweza kusema "lile gunia", "ule mti", kitu ambacho nyote mnajua ni kipi. Ukimtajia mara ya kwanza ni en säck. Ukiendelea kukizungumzia ni säcken.

Nyakati nazo zina njia ya mkato, na ina shimo. -li- huenda vizuri kwa wakati uliopita wa kawaida: nilikula jana, jag åt i går. -me- huenda kwa har: nimekula, jag har ätit. Lakini -me- ya hali haifuati. Amelala si "han har sovit", hiyo ni kwamba alilala akaamka. Amelala ni "han sover". Amekaa ni "hon sitter", amesimama ni "hon står", amechoka ni "hon är trött". Ukiona -me- yako inaeleza hali inayoendelea sasa, tumia wakati uliopo.

Pia yeye wetu ni mmoja, wao wanaye han wa kiume na hon wa kike, na hen, lililoingizwa katika orodha rasmi ya maneno ya Kiswidi mwaka 2015, kwa asiyetajwa jinsi. Utamwita mama yako han mara nyingi mno. Zoezi lake ni picha ya familia: mweleze mwenzio kila aliyemo, dakika tatu mfululizo. Hapohapo ingia kwenye sin na hans. "Ali säljer sin båt", Ali anauza mashua yake mwenyewe. "Ali säljer hans båt", anauza ya mtu mwingine. Kiswahili kinasema yake kwa zote mbili, kwa hiyo lazima ujilazimishe kuuliza: ya nani?

Picha hiyo ya familia itakupa na furaha moja. Kiswidi kinatenganisha ndugu karibu kama sisi. Mjomba ni morbror, kaka wa mama. Shangazi ni faster, dada wa baba. Ndugu wa kiume wa baba ni farbror, dada wa mama ni moster, na bibi ni mormor au farmor kutegemea upande. Kusini huku, ambako Wamakonde, Wamwera na Wayao kwa desturi huhesabu ukoo upande wa mama, mjomba ana uzito wake, na utalihitaji neno morbror mara nyingi. Mweleze uzito huo, hakika atauliza.

Mada nyingine nzuri ni Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi. Vilianzishwa mwaka 1975 kwa kufuata mfano wa folkhögskola za Uswidi, shule za elimu ya watu wazima. Vya Mtawanya, Newala, Masasi na Chilala viko katika mikoa hii. Muulize mwenzio kama amewahi kusoma folkhögskola na walifundishwa nini. Ulinganisho huo unajaza kikao kizima.

Unachosikia si kilichoandikwa

Baada ya wiki chache utasoma vizuri kuliko unavyosikia, na utadhani una tatizo. Si tatizo lako. Jag hutamkwa "ja" (yaani "ya"), är hutamkwa "e", det ni "de", och ni "å", mig ni "mej", de na dem vyote ni "dom", någon ni "nån", sedan ni "sen". "Det är jag" husikika "de e ja". Fanyeni imla: mwenzio aseme sentensi tano kwa kasi yake ya kila siku, uziandike, kisha mlinganishe. Kati ya vikao sikiliza habari za Kiswidi chepesi za redio ya taifa, Sveriges Radio. Ni fupi, na zikisikilizwa mara tatu hufaa kuliko filamu ya saa mbili.

Jua pia kwamba Mswidi anaweza kunyamaza sekunde kadhaa akifikiri. Simu haijakatika, wala hajakasirika. Na akiwa mtu wa kaskazini huenda ukasikia pumzi fupi ikivutwa ndani, "shh". Hiyo ni ndiyo.

Nusu ya Kiswahili

Hapa wewe ndiye mwalimu, na ukiifanya ovyo utampoteza. Mpe sentensi sita kwa kikao, zote za mada moja, na umwachie azibadilishe. Usimmwagie ngeli zote siku moja. M-wa na ki-vi zinatosha mwezi wa kwanza. Sema Kiswahili sanifu, na ukitumia neno la huku kwetu mwambie ni la huku.

Atakwama pa kujulikana. Mtwara atasema "Emtwara" au "Motwara": mfundishe afumbe midomo, aanze m, asiachie irabu kabla ya t. Z ataifanya s, kwa kuwa Kiswidi hakina sauti hiyo, na jambo ataisoma "yambo". Lakini ng' anayo: ndiyo ile ya många, nyingi. Mwambie ming'oko ina ng' ya många, na ngoma ina g ya ziada. Ataipata hapohapo, kisha mweleze ming'oko ni nini na huchemshwaje, kwa sababu ni mizizi ambayo hajapata kuiona.

La heshima lishughulikieni wazi. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1960 Waswidi wameacha vyeo katika mazungumzo ya kawaida, na kila mtu ni du, yaani wewe. Kijana atamwita du mtu wa rika la babu yake bila kukosa adabu. Usikwazike. Naye umfundishe kwamba huku mambo ni tofauti: mama akipita nyuma yako kwenye video, kwanza ni "shikamoo, mama", ndipo mengine. Mwache asalimie kweli, mama mwenyewe aitikie marahaba. Hakuna zoezi la kitabuni litakalomkaa kama hilo.

Siku ileile, na miezi inayofuata

Kabla hujalala, dakika ishirini. Chukua makosa matatu yaliyoandikwa na maneno mapya, tunga sentensi tano zilizo sahihi kuhusu maisha yako, jirekodi ukizisema, umtumie ujumbe wa sauti. Keshokutwa zifunike na uziseme tena kwa kichwa. Kikao kijacho kianze nazo. Anayeruka hatua hii hufanya kosa lilelile la mwezi uliopita na kumlaumu mwenzake.

Bando likiwa dogo, zima video. Simu ya sauti hula kidogo sana, na kukosa kuona midomo hukulazimisha kusikiliza. Ila vikao vya irabu viwe vya video. Mkitaka kurekodi kikao, ombaneni ruhusa kila mara.

Mwenzio akiahirisha mara tatu mfululizo bila kupendekeza siku nyingine, amechoka. Mwulize waziwazi kama anataka kupumzika, mshukuru, utafute mwingine. Ni afadhali kuliko kusubiri miezi.

Mwisho wa mwezi wa tatu jipime kwa ile korosho: ieleze upya, kutoka mtini hadi mnadani, dakika tano bila daftari, ukirekodi. Sikiliza vitenzi kama vimekaa nafasi ya pili. Vikiwa vimekaa, tafuta mwenza wa pili mwenye lafudhi nyingine, kwa mfano mtu wa Skåne, kusini kabisa, ambako r hutoka kooni na irabu hupinda. Mwambie wa kwanza kwamba unaongeza sikio, hujamwacha. Siku ya kwanza na huyo wa Skåne hutaelewa nusu ya anayosema. Mwombe azungumzie kitu ulichokwisha kukizungumzia na wa kwanza, uanzie hapo.